Je, Wajua? Kikoa kwa Herufi za Kijapani

Je, wajua kwamba 日本語.jp ni jina halali la kikoa? Herufi tatu za mwanzo husomwa *nihongo*, yaani Kijapani.

Je, wajua kwamba seva za intaneti haziioni kabisa hiyo 日本語? Mfumo wa majina ya vikoa ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na majina yake yakawa ya herufi a hadi z, tarakimu 0 hadi 9 na kistari, basi. Kuubomoa mfumo unaotegemewa na dunia nzima kungekuwa hatari, kwa hiyo wataalamu waliihamishia kazi kwenye kompyuta ya msomaji. Kivinjari hulichukua jina la Kijapani, hulipitisha kwenye kanuni iitwayo Punycode, kisha hutuma xn--wgv71a119e.jp. Alama xn-- humaanisha kwamba kinachofuata ni jina lililogeuzwa. Kanuni hiyo, kazi ya Adam Costello, ilichapishwa Machi 2003. Ndiyo maana ukinakili anwani ya Kijapani na kuibandika kwenye ujumbe, mara nyingi hutokea mlolongo usiosomeka. Hujakosea, wala simu yako haijaingiwa na kirusi.

Usajili wa majina ya Kijapani chini ya .jp, unaosimamiwa na kampuni ya JPRS, ulianza mwaka 2001. Anayesajili lazima awe na anwani ya posta Japani. Jina la a, b, c haliruhusiwi kuwa chini ya herufi 3, ila la Kijapani laweza kuwa herufi 1 tu, na lisizidi 15. Ni haki kabisa: kanji moja yaweza kubeba neno zima.

Je, wajua kwamba baada ya usajili kuanza, wengi wa wenye majina hayo walisubiri miaka mitano? Internet Explorer, kivinjari kilichotumiwa na watu wengi kuliko vyote enzi hizo, hakikuyatambua majina hayo chenyewe hadi toleo la 7, Oktoba 2006. Kabla ya hapo mgeni wa tovuti aliyekitumia alilazimika kwanza kuweka programu ya nyongeza. Linauma jambo hili: mwenye duka analipia jina la lugha yake, na mteja wa lugha hiyohiyo anashindwa kulifungua.

Je, wajua kwamba hata nukta ilikuwa tatizo? Mtu anapoandika Kijapani, kitufe cha nukta humtolea kiduara, 。, na kurudi kwenye herufi za Kilatini kwa ajili ya nukta moja ni usumbufu. Kanuni za mwaka 2003 ziliagiza kiduara hicho kihesabiwe kuwa nukta. Katika habari yote hii, hapa ndipo ninapopapenda zaidi, maana kuna mtu aliyekaa akawafikiria wanaochapa.

Tazama jozi hizi: カ na 力, ロ na 口, へ na ヘ. Zinafanana kama mapacha, lakini kwa kompyuta kila moja ni herufi tofauti. Tapeli anaweza kuzitumia kuunda jina la kikoa linalofanana na la tovuti halisi. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alionyesha hatari hiyo kwa herufi za Kisirili: alisajili jina lililoonekana kwenye Chrome na Firefox kuwa apple.com, kumbe ile apple haikuwa na hata herufi moja ya Kilatini. Siku hizi kivinjari kikishuku jina, huonyesha ile xn-- badala yake. Kupiga marufuku mchanganyiko wa maandishi tofauti katika jina moja kungekuwa rahisi, lakini Mjapani huchanganya hiragana, katakana na kanji katika sentensi moja kila siku. Kwa hiyo vivinjari huuruhusu mchanganyiko huo, hata ukiambatana na herufi za Kilatini.

Je, wajua kwamba vikoa vya kwanza vya nchi visivyo na herufi ya Kilatini hata kwenye kikomo chake vilianza kufanya kazi Mei 2010? Vilikuwa vya Misri, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Oman nayo ilipata عمان. Kwa kuwa Kiarabu huanzia kulia, jina la nchi hukaa kushoto kabisa.

Na Kiswahili? Herufi zetu zote zimo tangu mwanzo, isipokuwa alama moja: ritifaa. Haimo katika zile herufi, tarakimu na kistari za tangu awali. Mfanyabiashara wa Ng'ambo, Unguja, akitaka kikoa cha .tz chenye jina la mtaa wake, atasajili ngambo.