Safari ya siku moja kwenye kasri la Gede: Mkazi wa Kisumu Ndogo aipangeje?

WENGI wetu tukisikia habari za kuzuru majumba ya kifalme, fikra zetu huvuka bahari hadi Ulaya. Huko Sintra, nchini Ureno, watalii hushuka treni baada ya safari ya dakika 40 hivi kutoka Lisbon, wakapanda mlima kuyatazama makasri ya wafalme wa kale. Aghalabu tunasahau kwamba pwani ya Kenya nayo ina kasri, ambalo mkazi wa Kisumu Ndogo mtaani Kibera, au wa Kawangware, anaweza kulizuru na kurejea kwake bila kulipia kitanda cha hoteli hata usiku mmoja.

Kasri hilo limo katika magofu ya Gede, yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi. Serikali iliyaweka magofu hayo chini ya ulinzi wa sheria mwaka wa 1927, na kuanzia 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, akaongoza kazi ya kuyafukua. Mwaka wa 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mji huo katika orodha ya Turathi za Dunia.

Gede na Sintra zina uhusiano wa kihistoria. Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno, aliyeipanua ikulu ya Sintra, ndiye aliyemtuma Vasco da Gama kutafuta njia ya kwenda India, na baharia huyo akatia nanga Malindi mnamo Aprili 1498. Mwaka wa 1505, jeshi la mfalme huyo huyo likiongozwa na Francisco de Almeida liliiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Ajabu ni kwamba Wareno walikaa Malindi kwa miaka mingi, lakini hakuna kumbukumbu yao inayojulikana inayoutaja mji wa Gede.

Tukirudi kwenye mipango ya safari, jambo la kwanza ni treni. Treni ya usiku ya reli ya kisasa (SGR), kwa ratiba ya miaka ya karibuni, huondoka Syokimau saa nne usiku na kufika Miritini, Mombasa, kabla ya mapambazuko. Ile ya kurudi pia huondoka saa nne usiku. Kwa hivyo anayeondoka Ijumaa usiku huwa na Jumamosi nzima, na Jumapili alfajiri yuko tena Nairobi.

Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024. Watoto wa umri wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hesabu hiyo, baba, mama na watoto wawili wa umri huo watahitaji Sh9,000 za treni, kwenda na kurudi. Hizo si pesa kidogo kwa anayeishi kwa kibarua. Hata hivyo, akiweka Sh30 kila siku katika chama chake, atazipata kwa siku 300. Matatu, kiingilio na chakula vitafutiwe fungu lake mapema, kwa kuwa hapo ndipo safari nyingi hukwamia.

Tiketi hukatwa kwa simu kupitia nambari *639# na kulipiwa kwa M-Pesa. Inafaa kufanya hivyo siku nyingi kabla, hasa wakati wa likizo za shule na Krismasi ambapo viti hujaa upesi. Msafiri asisahau kitambulisho, na afike stesheni angalau saa moja kabla ya treni kuondoka, kwa maana ukaguzi wa mizigo huchukua muda.

Jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha mpango wenyewe, ni kuhesabu saa kuanzia mwisho. Ili kuwa Miritini saa mbili usiku bila wasiwasi, yafaa kuondoka Gede saa nane mchana, kwa sababu barabara ya Malindi kuelekea Mombasa, yenye urefu wa takriban kilomita 100 kutoka Gede, hupata msongamano Mtwapa na kwenye viingilio vya mji. Asubuhi, anayetoka Miritini kunapopambazuka na kupanda matatu ya Malindi anaweza kushukia Gede mnamo saa tatu. Hapo atakuwa amebakiwa na saa tano. Kundi kubwa litaokoa muda zaidi kwa kukodi matatu yake.

Saa tano hizo zinatosha kasri moja. Hazitoshi kasri, nguzo ya Vasco da Gama mjini Malindi na Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Hata Sintra, wageni wengi huharibu siku kwa kutaka kuona makasri matatu kwa pamoja, wakamaliza saa zao kwenye foleni. Anayeitamani Fort Jesus na aiwekee safari yake.

Kiingilio cha Gede hulipwa kupitia eCitizen, na raia hutozwa chini ya wageni. Ndani, mwombeni mwelekezi awaonyeshe ukumbi ambamo mtawala alisikiliza mashauri, sehemu ya wanawake, na chumba cha hazina kisichokuwa na mlango wa kawaida. Kando ya kasri upo msikiti mkuu, na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1399. Nyumba kadhaa zilipewa majina kutokana na vitu vilivyofukuliwa humo, kama vile mkasi na kauri. Vilipatikana pia vyombo kutoka China, ushahidi kuwa wenyeji walifanya biashara ya mbali.

Kwa nini mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17? Wataalamu hutaja kupungua kwa maji visimani, mashambulizi ya Wazimba na baadaye Waoromo, na kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi. Hakuna sababu moja iliyothibitishwa.

Lipo swali jingine ambalo mzazi kutoka Kisumu Ndogo anapaswa kuwauliza wanawe. Kuta tuzionazo leo ni za mawe ya matumbawe, yaani nyumba za watawala na matajiri. Wakazi wengi wa Gede waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, baina ya ukuta wa ndani na ule wa nje. Nyumba hizo zilianguka na zikasahaulika, ilhali walioishi humo ndio waliokuwa wengi mjini. Mtoto anayelala katika nyumba ya udongo na mabati atalielewa jambo hilo upesi kuliko mtalii yeyote. Katika saa tano za Gede, tengeni basi nusu saa ya kutembea nje ya kasri, mahali ambapo leo pamebaki miti na tumbili tu.