Kunuka na Kunukia: Habari za Manukato Katika Kariakoo

Kijana mmoja, mzaliwa wa bara, alialikwa arusini katika Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopata jina lake kwa Carrier Corps, wapagazi wa vita vya 1914–1918. Alipoingia akakuta udi umefukizwa, akasema kwa nia njema, "Mama, nyumba yako yanuka." Mama yule akanyamaza, uso ukambadilika. Kijana alikusudia kusifu, kumbe ametukana. Maana neno kunuka likisimama peke yake ni la uvundo, na kunukia ndilo la harufu njema.

Basi na tuvitazame vitu vinukiavyo. Udi kwa Kiarabu ni mti. Mti wenyewe huota Asia. Kuvu ikiingia shinani, hufanya utomvu mweusi, nao ndio wenye harufu. Huwekwa juu ya makaa katika chetezo, na nguo zikatandazwa juu ya moshi. Marashi ni neno la kunyunyiza. Humiminwa kwa mrashi mikononi mwa wageni. Kikuba ni asumini, rehani na mkadi vilivyofungwa pamoja, pambo la wanawake. Hivyo moshi ni wa nguo, maji ni ya mikono, maua ni ya kifuani.

Siku hizi wengi hupenda manukato ya chupa, nayo mengi yametiwa spiriti, ambayo hukausha ngozi. Mengine yana mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya ndimu. Yakipakwa shingoni na jua likapiga, yaweza kuacha mabaka meusi. Waganga wa Ulaya waliyaandika hayo tangu mwaka 1916. Kwa hiyo desturi ya kufukiza nguo ina faida yake. Apendaye chupa na ajaribu kwanza kidogo mkononi, angoje siku moja au mbili.

Tena pua huzoea upesi. Ajipakaye huacha kusikia harufu yake, akaongeza, na jirani zake wakataabika. Lakini kumbukumbu haizoei hivyo: mshipa wa kunusa hufika karibu sana na mahali pa ubongo patunzapo kumbukumbu, ndiyo sababu moshi wa udi humrudishia mtu bibi yake aliyekwisha kufa.

Yule kijana alifundishwa, akarudi kesho yake kuomba radhi. "Mama," akasema, "nyumba yako yanukia." Mama akacheka, akamnyunyizia marashi.