Reli ya Ngazi Ikicheza, Tazama Chini

Reli ya ngazi ikianza kucheza, mkono huusikia mtikisiko juu, na mwenye nyumba hudhani ubovu uko hukohuko juu. Fizikia inasema vingine. Nguzo ya reli ni wenzo, sawa na mtaimbo unaong'oa jiwe: nguvu ndogo kwenye ncha ndefu huwa kubwa kwenye ncha fupi. Chukua nguzo ya sentimita 90 iliyochomelewa juu ya bamba la chuma, na bolti zinazovutwa ziko sentimita 9 kutoka ukingo ambao bamba hulalia nguzo inaposukumwa. Wenzo huo huzidisha nguvu mara 10. Mtu akiiegemea kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 50, bolti hizo kwa pamoja huvutwa kwa nguvu ya kilo 500, yaani nusu tani.

Wengi watasema dawa ni rahisi: koroga saruji, ziba palipolegea kuzunguka kitako cha nguzo, subiri ikauke. Kweli reli hutulia, lakini kwa muda tu. Saruji na zege huhimili sana kugandamizwa. Kuvutwa ndiko kunakozishinda, kwani uwezo wa zege kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Kila mtu anapoishika reli, kiraka huvutwa, na baada ya muda ufa mwembamba kama unywele huizunguka nguzo. Maji hupenya humo, na pwani huingia pamoja na chumvi ya bahari inayoharakisha kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huisukuma saruji kutoka ndani na kuipasua zaidi.

Basi si bora kutia bolti nene? Si lazima. Bolti ya kutanuka hushika kwa kuzibana kuta za tundu lake, na ikiwa karibu mno na ukingo wa ngazi, huumegua ukingo wenyewe, hata kama bolti ni imara. Ushindi uko kwenye umbali. Bamba pana litakalozisogeza bolti zinazovutwa hadi sentimita 18 kutoka ukingo wa bamba hupunguza mvuto kwa nusu bila kubadili unene wa chuma. Pale ukuta ulipo karibu, ncha ya reli ikifungwa ukutani, sehemu kubwa ya mzigo haifiki tena kwenye bolti za chini. Na anayetumia gundi ya epoksi apulize vumbi lote kwanza, la sivyo gundi itashika vumbi badala ya zege.

Yupo atakayesema reli ni ya kushikwa tu, hakuna anayeitwisha mzigo huo. Siku za kawaida ni kweli. Lakini reli iliwekwa kwa ajili ya mguu unaoteleza, na mwili unaoanguka hauiegemei polepole. Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, mmoja atikise nguzo huku mwingine akikodolea macho kitako chake. Bamba likinyanyuka, tatizo ni bolti au zege. Bamba likitulia huku nguzo ikicheza, weldi imepasuka. Fundi wa kuchomelea hawezi kuponya zege, wala mwashi hawezi kuponya weldi.