Minara ya Watu ya Wakatalani

Wengi wa wanaoubeba mnara hawauoni. Mamia wamebanana chini, kifua kwa mgongo, vichwa wameviinamisha. Juu yao wenzao wanasimama mabegani, ghorofa juu ya ghorofa, sita, nane, hata kumi. Walio chini hujua kazi imefika wapi kwa kusikiliza zumari liitwalo gralla. Mtoto akifika kileleni na kuinua mkono, mlio hubadilika.

Mila hii, castells, ilianzia Valls, karibu na Tarragona, na mwaka 2010 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa wanadamu. Wapandaji huwa pekupeku. Kiunoni hujifunga kitambaa kirefu cheusi, kinachokaza mgongo na kuwapa wenzao pa kukanyagia. Mnara uliofika juu kisha ukaanguka haupewi heshima kamili. Sharti ushushwe salama, mtu baada ya mtu. Kanuni hiyo ina busara kuliko nyingi za michezo ninayoijua. Wanawake walianza kuingia kwa wingi miaka ya 1980, na minara ikarefuka.

Lugha ya Wakatalani, Kikatalani, imevuka mipaka. Huzungumzwa Katalunya, Valencia na visiwa vya Baleares nchini Hispania, Perpignan huko Ufaransa, mji wa Alghero kisiwani Sardinia, na Andorra, ambako ndiyo lugha rasmi pekee. Lakini usimwite mtu wa Valencia Mkatalani: yeye huiita lugha yake Kivalensia, na huenda akanuna.

Tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Jordi, mitaa ya Barcelona hujaa waridi na vitabu vya kupeana. Krismasi nayo ina gogo la mti. Watoto hulifunika blanketi na kulilisha siku kadhaa, kisha hulicharaza kwa fimbo huku wakiimba, ili linye zawadi. Naam, linye, na bibi na babu hucheka pamoja nao.

Chini ya dikteta wa Hispania, Franco, kuanzia 1939 hadi 1975, Kikatalani kilifukuzwa shuleni na maofisini, kikabaki majumbani. Leo shule zinakifundisha, ila vikundi vya minara navyo vina kazi yao. Mgeni kutoka Andalusia au Senegal akijiunga, hupimwa urefu wa mabega, hupangiwa nafasi, na hutii amri za Kikatalani kabla hajaijua sarufi. Kwa maoni yangu, hakuna darasa la lugha linaloshinda hilo.