Nondo Juu ya Slabu Si Kibali

Wiki hii swali limeletwa tena, safari hii na mama mmoja wa Kasarani. Alinionyesha picha kwenye simu: jengo la orofa tatu na, juu ya slabu, nguzo zenye nondo zilizochomoza, zimeshaanza kushika kutu. "Msingi wangu unabeba orofa nane," akasema. "Mbona kaunti inanikataza kuongeza?"

Nimechoka kulijibu swali hili kimya kimya ofisini. Msingi hueleza jambo moja tu: udongo na zege vitahimili uzito gani bila kutitia wala kupasuka. Kikomo cha urefu kina mambo yake mengine kabisa. Bomba la maji taka la mtaa lilikusudiwa watu wangapi? Jua litafika dirisha la jirani? Gari la zimamoto litapenya wapi? Hata ukichimba msingi hadi ukagusa mwamba, bomba lile la barabarani halitanenepa hata inchi moja. Mhandisi aliyesema "orofa nane" hakukudanganya. Alizungumzia uzito, wewe ukasikia ruhusa. Aliyekudanganya ni fundi aliyekwambia kwamba ukiacha vyuma juu hakuna atakayekuzuia. Amekula pesa zako. Na nondo zikiachwa wazi miaka mingi huliwa na kutu, kwa hiyo hata ile nguvu uliyoilipia inapungua mvua hadi mvua.

Idadi ya orofa hutokana na hesabu. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, yaani mita za mraba 465 hivi. Tuseme eneo lako linaruhusu sakafu zote kwa jumla zilingane na ukubwa wa ploti, na jengo lifunike nusu ya ardhi. Sakafu ya chini itakula mita 232, ya juu yake 232, hesabu imekwisha. Ukikubali kufunika robo tu, eneo lile lile linakupa sakafu nne, na watoto wanabaki na ua wa kuchezea.

Karibu na viwanja vikubwa vya ndege kuna kikomo kingine: mita 45, hadi kilomita 4 kuzunguka njia ya kurukia, na chini zaidi pale ndege zinapotua. Mita hizo huhesabiwa kuanzia kimo cha uwanja, si kwenye ua wako. Ploti ikiwa juu ya uwanja kwa mita 20, umebakiwa na 25, tangi la maji na antena zikiwemo.

Basi kabla ya kununua, iulize ofisi ya mipango ya kaunti ploti iko eneo gani na inaruhusu nini, usome na masharti ya hati. Ukiwa karibu na uwanja, tafuta idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kabla ya kumlipa mchoraji. Kuongeza orofa kunataka michoro mipya, kibali kipya, na mhandisi apime zege na nondo za zamani. Ukijenga bila kibali, sheria ya 2019 ina faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya mipango ya kaunti.

Mama yule wa Kasarani alikuwa amebakiwa na siku tatu za kukata rufaa. Katika rufaa aliyokuwa ameiandika tulifuta kurasa mbili zilizosifu msingi, tukaanza upya na bomba la maji taka.