Wapiga Picha na Bati Linalovuja

Msomaji asidhani kwamba tumeishiwa na mambo makubwa, hata safu hii ikageuzwa kuwa ya mazungumzo ya barazani. Tumefanya hivi kwa kusudi. Mwezi wa Aprili, katika siku zile ambazo masika haimpi mtu nafasi ya kuanika hata kanga moja, tulialikwa Magomeni nyumbani kwa mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu. Hapo kila Jumapili alasiri hukutana watu watano au sita wapendao kupiga picha. Hawana duka wala kibao mlangoni. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mmoja ni mwuguzi, mmoja ni kijana wa kiwanda cha kupiga chapa, na waliobaki ni watu wa kazi mbalimbali. Wote ni wapiga picha wa ridhaa, yaani watu watoao fedha mifukoni mwao kwa ajili ya kamera, wala kamera haiwarudishii hata senti.

Kwa desturi huzungumza mambo matatu. La kwanza ni kamera na lenzi. La pili ni programu za kompyuta za kuhariri picha. Na la tatu, kwa kuwa ni watu wenye nyumba, ni bei ya saruji na namna ya kuziba paa. Jumapili ile mambo hayo matatu yaligeuka kuwa jambo moja. Usiku wake mvua ilipita katika tundu la msumari, ikachuruzika juu ya dari, ikaingia katika kabati la mzee na kulijaza maji sanduku lake la filamu. Ndani yake mlikuwa na kazi ya miaka mingi: reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, milima ikitobolewa mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, vijana wa Kitanzania, Kizambia na Kichina wakila chakula chini ya mti mmoja, na chini kabisa, picha za marehemu mkewe alipokuwa msichana.

Tulimkuta ameketi, sanduku miguuni pake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Leo hakuna mazungumzo. Mwenzenu nimefiwa mara ya pili."

Mwuguzi akavua viatu, akakunja mikono ya gauni lake. "Baba," alisema, "huyu hajafa bado. Nipe beseni na maji safi."

Na hapo ndipo tulipojifunza kwamba filamu iliyolowa si maji yanayoiua, bali ni kukauka vibaya. Picha imekaa katika utando mwembamba wa jelatini, kitu cha ukoo mmoja na gundi. Utando huo ukilowa huvimba na kulainika, na filamu mbili zilizolala pamoja zikikaukiana hivyo hazitengani tena ila kwa kuchanika. Basi dawa yake ni kuziacha ndani ya maji safi ya baridi, kuzitenganisha moja moja bila haraka, kisha kuzitundika mahali pasipo vumbi. Tulifunga kamba chumbani tangu dirishani mpaka mlangoni, na sisi, ambao mikono yetu haijui kazi nyingine ila kalamu, tukapewa kazi ya kushika vibanio vya nguo. Adhana ya magharibi ilitukuta bado tunatundika. Filamu nyingi zilipona. Chache za chini, utando wake ulikuwa umekwisha kubanduka, na miongoni mwa hizo zilikuwamo baadhi ya zile za marehemu. Mzee alizitazama, akazifunga katika kitambaa, wala hakusema neno.

Kamera iliyopiga picha hizo ingali hai. Ni Zenit-E, iliyotengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow. Kiwanda kilianza kuitoa aina hiyo mwaka 1965. Ni chuma kitupu, na pamoja na lenzi yake iitwayo Helios uzito wake wakaribia kilo moja. Haina betri hata moja, kwani hata kipimo chake cha mwanga hujiendesha kwa mwanga wenyewe. Mzee ameifungua mara nyingi mezani pake, akaisafisha, akaifunga. Kila sehemu iliyomo anaijua kama mke ajuavyo vyombo vya jiko lake.

Yafaa hapa tukumbuke historia kidogo. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, aliuza kamera yake ya kwanza iliyoitwa Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Zilipokwisha, mwenyewe aliirudisha kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10, naye aliletewa picha zake na kamera iliyotiwa filamu mpya. Mwaka 1900 ikaja Brownie kwa dola 1, na mtu wa mshahara mdogo akaweza kumpiga picha mtoto wake. Hatuwezi kuidharau kazi hiyo. Lakini twaona pia kwamba siku ile ile mtu alipopewa kitufe cha kubonyeza, alifundishwa kutouliza kilichomo ndani. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 1975, mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera isiyotumia filamu: ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ikachukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na nukta 10,000 tu. Mwezi wa Januari 2012 Kodak ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Waliokuwa na mbegu mkononi ndio waliochelewa kupanda.

Turudi Magomeni. Jumapili ya pili filamu zilikuwa kavu, na shauri likawa ni kuzinakili kabla masika haijazirudia. Kijana wa kiwanda cha chapa alileta kamera yake mpya, akaifunga lenzi ile ile ya Helios ya mzee kwa pete ya kuunganishia, na pete nyingine za kuisogeza lenzi mbele ili ione kitu kidogo kwa karibu. Filamu ikalazwa juu ya kioo cheupe kama maziwa, taa ikawashwa chini yake, kamera ikatazama chini kutoka juu ya kigoda kilichotobolewa na seremala wa jirani. Hivyo lenzi ile iliyoiona reli zamani ikaiona mara ya pili, na mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua.

Wakakubaliana wapige picha ghafi, yaani zile ambazo kamera huhifadhi kama zilivyotoka katika sensa bila kuzipika. Tofauti yake ni kubwa. Picha ya kawaida ya JPEG huwa na ngazi 256 tangu weusi mpaka weupe kwa kila rangi. Picha ghafi ya biti 14 huwa na ngazi 16,384. Kwa filamu iliyofifia, ambayo yaliyomo yote yamejibana katika weusi mdogo, ngazi hizo ndizo zinazoamua kama uso wa mtu utaonekana au utabaki kivuli.

Mpaka hapo palikuwa na amani. Ugomvi ulizuka walipofika kwenye programu.

Kijana hutumia programu za kampuni ya Adobe. Photoshop ilianzwa mwaka 1987 na Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, akisaidiwa na ndugu yake John, ikaanza kuuzwa mwaka 1990. Kwa miaka zaidi ya 20 mtu aliinunua kama anunuavyo cherehani. Mwezi wa Mei 2013 kampuni ikatangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena kwa namna hiyo bali yatakodishwa. Kijana aliitetea: "Mwalimu, toleo la mwisho la kununua lilikuwa dola 699. Nani hapa alikuwa nazo? Mimi nilianza kwa dola 10 kwa mwezi."

Mwalimu, ambaye hufundisha hesabu, aliomba karatasi. Dola 699 kwa kodi ya dola 10 ni miezi 70, karibu miaka sita. "Sasa niambie, kijana wangu," alisema, "baada ya miaka sita cherehani ni ya nani?" Tena tangu Januari 2025 mpango ule wa dola 10 haupewi wateja wapya. Na atakayeacha kulipia Lightroom hapotezi picha zake, huo ni uongo wa barazani na twausahihisha. Atazitazama na kuzitoa. Kinachofungwa ni ile sehemu ya kuzisafishia. Ni kama fundi aliyebaki na filamu zake zote huku chumba cha giza kimetiwa kufuli.

Mwalimu mwenyewe hutumia GIMP, iliyoanzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na darktable, iliyotokea mwaka 2009. Zote mbili hazina bei, na kila ajuaye anaruhusiwa kuzifungua, kuona zilivyoshonwa na kuzitengeneza. Sisi twampendelea mwalimu katika jambo hili wala hatufichi. Lakini haki ya kijana nayo isemwe. Programu hizo za bure zina ukaidi wake kwa mwanafunzi mpya, na GIMP ilikaa miaka mingi mno bila njia ya kurekebisha picha pasipo kuigusa ile ya asili, mpaka toleo lake la 3.0 la Machi 2025. Mtu alalaye saa tano na kuamka saa kumi hana usiku wa kupoteza akitafuta kitufe. Mwuguzi ndiye aliyeukata ugomvi: "Darktable ina kifaa cha kugeuza filamu tangu mwaka 2020. Baba anangoja. Gombaneni kesho."

Huku kazi ikiendelea, palisemwa mengi juu ya matengenezo ya nyumbani ambayo twapenda yamfikie kila mwenye kamera. Skrubu nyingi za kamera za Kijapani zina alama ya msalaba, nawe utadhani bisibisi yoyote ya msalaba yafaa. Haifai, kwani kipimo chao ni chao, na bisibisi isiyo yake huila kichwa cha skrubu. Sponji nyeusi ya mlango wa nyuma katika kamera nyingi za miaka ya 1970 hugeuka kuwa kitu cha kunata kama lami. Hukwanguliwa taratibu, na uzi mweusi wa sufi hushika mahali pake. Katika pwani yetu kuvu huota ndani ya lenzi, hasa iliyofungiwa mfuko wa ngozi, maana ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Lakini tochi ya kamera isifunguliwe na asiyejua: kapasita yake huweza kubaki na volti kama 300 hata betri imetolewa. Mwalimu alituonyesha kovu kidoleni.

Vipuri ni taabu nyingine. Nikon iliacha mwaka 2012 kuwauzia vipuri mafundi wa kujitegemea huko Marekani, na mwaka 2020 ikaufunga hata mpango wake wa mafundi walioidhinishwa nchini humo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa, inayotaja mashine za kufulia, majokofu, simu na vinginevyo; kamera hazimo katika orodha hiyo. Fundi wetu wa mtaani, ambaye hakuna sheria iliyomkumbuka, huendelea kuzichinja kamera tatu mbovu apate moja nzima.

Na bati je? Kijana alitaka kulipaka lami. Mzee alikataa, akasema lami hupasuka kwa jua kabla ya vuli. Akatupandisha darini tuone. Aliyeezeka alipigilia misumari katika mabonde ya bati, mahali maji yanapopita, badala ya kuipigilia mgongoni na kuivisha kipande cha mpira. "Reli nimeijenga," alisema, "paa langu nikamwachia mtu na kwenda zangu sokoni." Ikang'olewa msumari kwa msumari, mabonde yakazibwa, mipya ikapigwa mgongoni.

Tuliposhuka, picha ya kwanza ilikuwa imekwisha kugeuzwa, weusi umekuwa weupe. Wanaume saba walisimama mbele ya mdomo wa handaki, vumbi mpaka nyusini. Mzee alisogeza kiti, akaanza kuwataja kutoka kushoto, jina na mahali alipotoka kila mmoja, na mwuguzi akawa anaandika nyuma ya bahasha. Kwa mtu wa tano alinyamaza. Aliomba uso ule ukuzwe. Kijana akaukuza.

"Huyu," alisema, "ndiye aliyeniuzia kamera."

Filamu zilizobaki ni nyingi, na hunakiliwa kila Jumapili baada ya sala ya alasiri. Upande wa kusini wa paa bado una misumari ya bondeni.