Balagha ya Kale na Ombi la Msamaha la Songea

Mwanafunzi wa theolojia anayekutana na elimu ya balagha kwa mara ya kwanza hukuta majina ya Kiyunani na Kilatini yaliyo mbali na maisha yake. Huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha huyaacha chuoni siku ya kuagwa. Hasara hiyo si ndogo, kwa maana tangu siku hiyo kazi yake ni kusema mbele ya watu: ibadani, msibani, arusini, na katika kumbukumbu za taifa ambako viongozi wa dini hualikwa kuomba. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba elimu hiyo ya kale hueleweka vema ikisomwa kwa njia ya hotuba za siasa za siku zetu. Mji wa Songea umetupatia hotuba moja inayostahili kupimwa na kila mhubiri, nayo ni ile aliyoitoa Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, tarehe 1 Novemba 2023 katika Makumbusho ya Majimaji.

Kwa nini mhubiri aijue balagha

Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba msemaji huwavuta watu kwa njia tatu: kwa tabia yake mwenyewe inayomfanya aaminike (ethosi), kwa hisia anazoziamsha kwa wasikilizaji (pathosi), na kwa hoja zenyewe (logosi). Aligawa pia hotuba katika aina tatu. Ipo ya baraza, inayoshauri juu ya mambo yajayo. Ipo ya mahakama, inayoshitaki au kutetea juu ya yaliyopita. Na ipo ya sifa, inayotukuza au kulaumu mbele ya mkutano.

Kanisa halikuitupa elimu hii. Augustino alikuwa mwalimu wa balagha mjini Milano kabla ya kubatizwa mwaka 387, na baadaye alitenga kitabu cha nne cha kazi yake juu ya mafundisho ya Kikristo kueleza jinsi mhubiri anavyoweza kuitumia. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: ikiwa uongo unatetewa kwa ufasaha, si haki kweli iachwe isimame bila silaha. Katika Matengenezo, Philipp Melanchthon aliandika vitabu vya balagha, kimojawapo mwaka 1531, na kwa aina zile tatu za Aristotle aliongeza ya nne, yaani hotuba ya kufundisha, kwa sababu aliona kwamba mahubiri hayaenei katika zile za kwanza.

Lakini katika 1 Wakorintho 2 Mtume Paulo anakana kwamba mahubiri yake yalisimama juu ya maneno ya ushawishi. Onyo hilo halimwamuru mhubiri asijue balagha. Lamtaka asiiweke mahali pa Roho. Naye asiyeijua hukokotwa nayo bila kutambua, ama akiwa msikilizaji, ama akiwa mimbarini.

Mfano wa kwanza: mwaka 1978

Tuanze na hotuba ambayo Watanzania wengi wameisikia. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, sauti ya Mwalimu Julius Nyerere ilisikika katika Radio Tanzania. Alisema kwamba tunao uwezo wa kumpiga, tunayo sababu ya kumpiga, na tunayo nia ya kumpiga. Hii ni hotuba ya baraza katika umbo lake lililo wazi: yaliyotokea yanatajwa ili watu wakubali litakalotendwa. Sababu ni hoja. Uwezo huondoa hofu, na kwa hiyo hugusa hisia. Nia huonyesha moyo wa kiongozi, nayo ni ethosi. Kila dai limewekwa katika sentensi fupi, na kurudiwa kwa kitenzi kile kile kuliwawezesha hata watoto kulikariri.

Yafaa kukumbuka kwamba mtu huyu ndiye aliyetafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1963, na ikatolewa tena baada ya kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ndani yake zimo hotuba mbili za mazishi ambazo walimu wa balagha wamezitumia kwa vizazi vingi. Brutus huwaambia watu sababu. Antony huwaonyesha vazi lililotobolewa na maiti yenyewe, na umati wote hugeuka. Mwalimu alizijua nguvu hizo kwa karibu sana.

Songea, 1 Novemba 2023

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, na kabla ya mwaka kwisha Ungoni nako kulikuwa vitani. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa katika vita vyote huanzia 75,000 hadi 300,000. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa Songea, na mwaka huo huo Nduna Songea Mbano naye akanyongwa. Mji unachukua jina lake. Wajukuu na vitukuu vyake wameendelea kudai kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Mbele ya familia hiyo Rais Steinmeier alisema kwamba anaona aibu kwa yale ambayo askari wa kikoloni wa Kijerumani waliwatenda mababu zao, na kwamba kwa cheo chake cha Rais wa Ujerumani anaomba msamaha. Aliahidi kushirikiana nao katika kulitafuta fuvu, lakini akasema wazi kwamba hawezi kuahidi kuwa litapatikana. Akaongeza kwamba ataichukua habari ya Songea ili watu wengi zaidi wa nchi yake waijue.

Tukizitafuta njia tatu za Aristotle tutaziona upesi. Msemaji alizaliwa mwaka 1956, miaka 50 baada ya kunyongwa kwa Songea. Kwa hiyo ethosi yake haitoki katika kutenda wala kutendewa, bali katika cheo anachokichukua, pamoja na unyofu wa kutoahidi asichokiweza. Hisia huamshwa na habari ya mtu mmoja mwenye jina, wala si na hesabu ya maelfu. Hoja ni kwamba watu wasioijua historia ya pamoja hawawezi kujenga urafiki wa kweli.

Maswali manne ya shauri

Hata hivyo, hapa njia tatu hazitoshi. Hermagora, mwalimu wa Kiyunani wa karne ya pili kabla ya Kristo, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa maswali manne yaulizwayo katika shauri lolote. Je, tendo lilitendeka? Lapewa jina gani? Je, lilikuwa na haki au udhuru? Na ni nani mwenye mamlaka ya kuliamua? Chini ya swali la tatu Cicero aliweka hali ya mtu anayekubali kosa. Mtu huyo ana njia mbili. Aweza kuleta udhuru, akisema kwamba hakujua, au ilikuwa ajali, au alilazimishwa. Ama aweza kuacha udhuru wote na kuomba msamaha tu. Cicero alionya kwamba njia hii ya pili haifai sana mahakamani, kwa kuwa hakimu amewekwa ahukumu, hakuwekwa asamehe.

Kwa swali la kwanza, hotuba ya Songea ilijibu ndiyo. Kwa la tatu, ombi halikutanguliza udhuru. La pili lilibaki na mjadala. Mwezi Mei 2021 serikali ya Ujerumani iliyaita mauaji ya Waherero na Wanama wa Namibia mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa muda wa miaka 30. Ombi la Songea halikutumia jina hilo. La nne ndilo zito kuliko yote. Waliotendwa wamekufa. Je, mjukuu aweza kusamehe kwa niaba ya babu yake? Je, serikali yaweza kusamehe kwa niaba ya familia? Balagha haitoi jibu, lakini humzuia msikilizaji asilipite swali hilo kwa kupiga makofi.

Lugha na vyombo vya habari

Msemaji alitumia neno la Kijerumani, nasi tulilipokea kwa Kiswahili. Lugha yetu hupambanua mambo haya kwa makini. Anayesema pole hushiriki uchungu bila kukiri kosa. Samahani hutosha kwa aliyemkanyaga mwenzake njiani. Kuomba radhi hurejesha heshima iliyovunjwa. Kuomba msamaha hukiri kwamba lipo deni. Kutubu ni kugeuka na kuiacha njia ya kwanza. Aliyeomba msamaha na kupewa jibu la pole hakujibiwa. Naye aliyestahili kuombwa msamaha akaambiwa pole amedhulumiwa mara ya pili.

Tena, mwaka 1978 wananchi waliikusanyikia redio wakaisikia sauti yenyewe. Mwaka 2023 sentensi moja ya ombi ilikatwa na kuzunguka dunia kwa simu, ikaachana na mipaka ya ahadi iliyofungamana nayo. Mwanafunzi afundishwe kuuliza kila mara: kipande hiki kimetoka wapi, nini kilikitangulia, na nini kilikifuata? Ndivyo tunavyomfundisha asihubiri aya moja iliyong’olewa katika sura yake.

Mimbari yapimwa pia

Kanisa haliwezi kuisikiliza hotuba hii kama mtazamaji. Mwaka 1906 misionari wa Kibenediktini aliwabatiza baadhi ya wafungwa wa Songea kabla hawajanyongwa. Neno la uzima lilitamkwa karibu na kitanzi. Sisi Walutheri nasi tulipokea Injili kwa sehemu kubwa kutoka kwa wamisionari waliotoka nchi ile ile iliyotuma askari. Kwa hiyo ethosi yetu haianzii mahali safi. Danieli, katika sura ya tisa, aliungama dhambi za baba zake kana kwamba ni zake; huo ndio mwanzo unaomfaa mhubiri asimamapo mbele ya makaburi ya mashujaa.

Katekisimo Ndogo ya Luther yatufundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili, kuungama na kupokea ondoleo. Ondoleo linalotamkwa na mchungaji ni la Mungu; halichukui nafasi ya aliyejeruhiwa. Hapa pana kishawishi kikubwa cha mimbari. Ni rahisi kutumia pathosi kuwasukuma wenye uchungu wasamehe upesi ili sherehe imalizike kwa furaha. Kufanya hivyo ni kulijibu swali la nne kwa niaba yao. Ungamo la Augsburg, katika ibara ya kumi na mbili, linasema kwamba toba hufuatwa na matunda. Zakayo alitaja malipo akiwa amesimama nyumbani mwake. Naye Daudi, katika 2 Samweli 21, aliitwaa mifupa ya Sauli na Yonathani ikazikwa katika kaburi la baba yake Sauli. Wazao wa Songea wanaodai fuvu wanadai jambo ambalo Maandiko yanalijua.

Shauri kwa walimu

Walimu wa homiletiki wangefanya vema kuchukua hotuba moja ya siasa kila muhula na kuipima darasani: aina yake, njia zake tatu, maswali yake manne, na lile lililoachwa bila kusemwa. Kisha mwanafunzi ayapime mahubiri yake mwenyewe kwa kipimo kile kile, kabla hajayapeleka kwa watu. Na ikiwa ataalikwa Songea tarehe 27 Februari, atajua kwamba aliyekuja kuomba mbele ya makaburi yale ana wajibu wa kulitaja kosa kwa jina lake, kumwomba Mungu rehema, na kuwaachia wenye msiba neno la mwisho.